Kelele Zilizogeuka Ujumbe: Skani za Saratani na Moto Ndani ya Mishipa

Kila mwanaprogramu anakijua kishawishi hiki. Unafungua logi, lile daftari la matukio ambalo programu hujiandikia, unakuta maelfu ya mistari inayojirudia. Unaiita kelele, unaandika kichujio cha kuiondoa, unaendelea na kazi. Siku mfumo ukianguka ndipo unagundua kelele ile ilikuwa ikikuonya. Leo nataka kuwasimulia jinsi jambo kama hilo lilivyotokea hospitalini, na kelele yenyewe ilitoka kwenye mishipa ya damu ya watu.

Tuanze na sukari. Katika miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg alionyesha kuwa seli za saratani hula glukosi kwa pupa. Miaka 50 hivi baadaye, wanakemia wa maabara ya Brookhaven huko Marekani, wakiwemo Tatsuo Ido, Joanna Fowler na Alfred Wolf, walitengeneza FDG, yaani glukosi iliyobandikwa atomu ya florini-18 yenye mionzi. Seli huimeza ikidhani ni chakula, kisha hushindwa kuitumia, nayo hunasa humo ndani. Atomu ile inapovunjika hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha miale miwili ya gama inayokimbia kila mmoja upande wake. Mashine iliyomzunguka mgonjwa hunasa miale hiyo kwa jozi, halafu tarakilishi hupiga hesabu ya kurudi nyuma ili kujua ilitoka wapi. Hiyo ndiyo skani ya PET.

Agosti 1976, Abass Alavi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwadunga FDG watu wa kwanza waliojitolea. Dawa ilisafirishwa kwa ndege ndogo kutoka Brookhaven, maana kila baada ya dakika 110 nusu ya florini-18 huwa imetoweka. Ukichelewa njiani, unafika na chupa isiyo na kazi! Ndiyo maana Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi ilipoanzisha huduma ya PET mwaka 2018, ilikuwa na saiklotroni yake ya kutengeneza dawa hiyo.

Kazi kubwa ya FDG ikawa kusaka saratani. Lakini skani huonyesha kila kinachokula sukari, na mara nyingine kuta za mishipa mikubwa, kama aota, ziling'aa kidogo. Daktari anayetafuta uvimbe kwenye mapafu angefanya nini na mng'ao huo? Hakuwa na haja nao.

Wakati huohuo madaktari wa moyo walikuwa na fumbo lao. Picha za kawaida za mishipa zilionyesha mahali palipoziba, ilhali mishtuko mingi ya moyo ilianzia mahali ambapo mshipa haukuwa umeziba sana. Mwaka 1999 Russell Ross aliandika wazi kwamba ugonjwa huu wa mishipa ni wa mchochota, yaani ule moto ambao mwili huuwasha unapopambana, kama kidonda kinavyovimba na kuwa chekundu. Seli za kinga ziitwazo makrofeji hujaa ndani ya utando wa mafuta na kuudhoofisha hadi upasuke. Na makrofeji zenye kazi nyingi, kama saratani, hula sukari kwa pupa.

Hapo ndipo nyuzi mbili zikakutana. Mwaka 2001 kundi la Yun, Alavi akiwemo tena, lilichapisha ripoti kuhusu FDG kwenye mishipa mikubwa. Mwaka 2002 James Rudd na wenzake wa Cambridge walipima wagonjwa 8 wenye dalili za ugonjwa wa mishipa ya shingo. Utando ulioleta dalili ulikusanya FDG kwa asilimia 27 zaidi kuliko ule wa upande wa pili wa shingo. Mwaka 2006 Watafiti wa Kurume, Japani, wakaonyesha kuwa dawa ya simvastatini hupunguza mng'ao huo ndani ya miezi mitatu.

Sehemu ninayoipenda ni ya mwaka 2013. Watafiti wa Boston walirudia skani za watu 513 zilizokwisha kupigwa kwa sababu nyingine, wakaangalia nani alikuja kupata maradhi ya moyo na mishipa. Waliong'aa zaidi mishipani walikuwa hatarini zaidi, na kipimo hicho kiliongeza kitu juu ya hesabu za kawaida za hatari. Onyo lilikuwa limehifadhiwa muda wote! Mwaka 2017 Ahmed Tawakol na wenzake wakachimba skani za watu 293, wakaona kuwa amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga na msongo, ikichangamka sana, mchochota wa mishipa huongezeka, na hatari nayo hupanda.

Tusishangilie mapema, lakini. Misuli ya moyo nayo hula sukari, hivyo mng'ao wake huificha mishipa midogo ya moyo wenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh walipita njia nyingine: floridi yenye mionzi, ambayo hushika chembe changa za kalisi. Kati ya wagonjwa 40 waliopata mshtuko wa moyo, kwa 37 iling'aa zaidi palepale palipoleta mshtuko.

PET bado ni ghali na ina mionzi, na kwa hatari ya moyo imebaki zaidi kuwa chombo cha utafiti. Kwa hiyo usikimbilie skani: pima presha, kolesteroli na sukari, acha sigara. Nami nikimaliza kuandika hapa, nina kichujio kimoja cha logi ambacho naenda kukizima nione kilikuwa kinaficha nini.