Tungo za Muyaka na Kalamu ya Mwalimu Sikujua

Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, alifariki yapata mwaka 1840, na tungo zake nyingi zikabakia vifuani mwa watu. Miongo minne hivi baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka vinywani mwa wazee na kuziandika kwa khati ya Kiarabu, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor. Mwalimu alifariki mwaka 1890. Karatasi zilivuka bahari, na hatimaye zikahifadhiwa katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1940 William Hichens alitoa diwani kwa herufi za Kirumi, na kwa diwani hiyo wengi wetu tulimjua Muyaka.

Lakini khati ya Kiarabu ya kawaida huziandika i na e kwa alama moja, vivyo hivyo u na o. Mwenye kuigeuza hulazimika kuchagua, na kila uchaguzi ni ufasiri. Tangu miaka ya 2000 maktaba hiyo imeorodhesha miswada yake ya Kiswahili, na baadhi imetolewa kwa picha za kidijitali. Msomi aliyeko Mombasa aweza kuikagua pasi na kufunga safari ya Uingereza.

Hata hivyo picha haijisomi. Tena, mikusanyo hiyo yaitwa kwa majina ya Taylor na Hichens, si kwa jina la aliyeshika kalamu. Basi yatupasa kuwafundisha wanafunzi wetu khati hiyo, na kumtaja Mwalimu Sikujua kila tumtajapo Muyaka.