Kulabu, Uzi na Roho Juu: Ufundi wa Nguo na Nahau za Wasiwasi

Nahau ya Kiingereza *on tenterhooks* humaanisha kungoja jambo kwa wasiwasi. Chimbuko lake ni ufundi wa nguo: kitambaa cha sufu kilichokwisha kuoshwa kiliwambwa kwenye fremu ya mbao na kushikwa kwa kulabu, ili kikauke bila kurudi. Tobias Smollett aliitumia sitiari hiyo kwa mashaka ya moyo katika riwaya ya *Roderick Random* (1748).

Je, kila jamii ya mafundi wa nguo huzaa sitiari ya namna hii? Kilwa Kisiwani ni mfano mzuri wa kulipima swali hilo. Uchimbaji wa Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulifukua vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati kwa kazi ya kusokota uzi. Wareno nao, walipouteka mji huo mwaka 1505, waliikuta pamba ikilimwa kisiwani.

Hata hivyo, Kiswahili kilikihamishia kitenzi *kusokota* kwenye maumivu ya mwili: tumbo husokota. Anayengoja habari kwa hofu hukaa *roho juu*, na habari njema ikifika, roho hutulia. Kiingereza huuona wasiwasi kama mvutano. Kiswahili huuona kama roho iliyoondoka mahali pake.

Kwa hiyo, kuwapo kwa ufundi hakutoshi kueleza kuzaliwa kwa nahau. Mfasiri atakayemtundika mhusika wake kwenye kulabu atahifadhi chombo na kupoteza maana. *Roho juu* huihifadhi maana yenyewe.