Utapeli wa barua, barua pepe na simu: ulikotoka na namna ya kujikinga

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, wakati wa kuuza alizeti na vitunguu hapa Nduguti pesa nyingi hupita kwenye simu, na matapeli wanalijua hilo. Tukifahamu utapeli huu ulikotoka, tutautambua mapema.

Mwishoni mwa miaka ya 1800, watu wa Ulaya na Marekani walipokea barua za posta zikidai kuna tajiri amefungwa gerezani Hispania. Ukituma pesa kidogo za kumtoa, utagawiwa hazina yake. Miaka ya 1980 barua kama hizo zilitoka Nigeria, zikitaja mamilioni yaliyokwama benki. Zikaitwa "419", namba ya kifungu cha sheria ya nchi hiyo kuhusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Intaneti ilipoenea zikawa barua pepe. Stempu haikuhitajika tena, na tapeli mmoja akaweza kuandikia maelfu kwa siku.

Hapa kwetu DECI iliwaambia watu "wapande mbegu" ya fedha wavune zaidi. Ilitumia lugha ya mkulima, lakini shamba halikuwepo: waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake.

M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, hata hadithi ndefu haikuhitajika tena. "Ile hela tuma kwenye namba hii" inatosha, maana kila siku yupo mtu anayetarajia kumtumia mwenzake hela. Usajili wa laini kwa alama za vidole umesaidia, ila haujawamaliza.

Chombo kimebadilika, mbinu ni ileile: toa kidogo kwanza, upesi, upate kikubwa baadaye. Kwa hiyo:

1. Mnunuzi akikutaka ulipe "ada" ili akulipe mazao yako, acha.
2. Ukiambiwa namba imebadilika, piga ile ya zamani usikie sauti.
3. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo. Angalia salio lako kwanza.
4. Namba ya siri usimpe yeyote, hata anayejiita wa benki au wa mtandao.
5. Ujumbe wa kitapeli utume 15040. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukiibiwa, toa taarifa polisi na kwa mtandao wako siku hiyohiyo. Usione aibu; ukinyamaza, jirani yako ndiye atakayefuata.