Viwanda Vilivyokosa Korosho

Mji wa Nachingwea, ulioko kusini mwa Tanzania, uliahidiwa kazi na serikali mara mbili katika muda usiozidi miaka arobaini, na mara zote mbili kazi hiyo ilikuja, ikakaa kidogo, ikaondoka. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka pori la Tanganyika huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mwaka uliofuata shughuli yote ikakabidhiwa Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililoendeshwa kwa fedha za hazina ya London. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na hasara ya pauni milioni 36 ikafutwa katika vitabu. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuonekana, ilibaki. Reli iliyotoka pwani kwenda Nachingwea ilikosa mizigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na mataruma yake yakang'olewa.

Kwa watu wa kusini jambo hili halikuwa dogo. Jimbo lao lilikuwa limezoea kutoa vijana kwenda kukata mkonge Tanga kwa mkataba, wale walioitwa manamba, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mahali pa kupata mshahara. Kwa hiyo serikali ya nchi huru, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilipotangaza katika Mpango wa Pili wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 1969 kwamba viwanda visirundikane Dar es Salaam bali vigawanywe katika miji tisa, na Mtwara ikawa mmojawapo, tangazo hilo lilipokewa kama deni linaloanza kulipwa.

Kiwanda cha kujengwa kusini kilijulikana bila ya kutafutwa. Mkorosho, mti wa Brazil ulioletwa na Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki, ulikuwa umestawi katika mchanga wa Newala, Masasi na Lindi kuliko zao jingine lolote la biashara. Bibo lake huliwa au hukamuliwa uraka. Mali yenyewe ni korosho inayoning'inia chini ya bibo, nayo ina ganda gumu lenye mafuta makali yanayochoma ngozi. Kuibangua ni kazi ya mikono mingi, na kwa miongo kadhaa mikono hiyo ilikuwa India: korosho ghafi zilipakiwa melini, zikabanguliwa na wanawake wa Kollam, katika Kerala, kisha zikauzwa Ulaya na Marekani kwa jina la India. Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi kueleweka. Kwa nini mshahara wa kubangua korosho ya Newala ulipwe Kollam? Si haki kuwacheka leo wale waliouliza hivyo, kwa maana swali lilikuwa la kweli.

Makosa yalianza katika jibu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na viwanda vikubwa kumi na viwili, vingi vikiwa vimejengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na mitambo ikitoka Italia na Japani. Vilikuwako Dar es Salaam, Kibaha, Lindi, Mtama, Nachingwea, Masasi, Newala, Mtwara na Tunduru, na kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Mashine zilichaguliwa kwa kuwa zilifanya kazi nyingi kwa haraka; lakini mashine haina jicho, na korosho hazilingani kwa ukubwa wala kwa umbo. Mwanamke wa Kollam huigeuza korosho mkononi na kutoa kiini kizima. Mtambo huvunja vingi, na kiini kilichovunjika huuzwa kwa bei ya chini sana. Vipuri navyo vilihitaji fedha za kigeni, ambazo baada ya kupanda kwa bei ya mafuta na vita vya Uganda vya 1978 na 1979 zilikuwa adimu kuliko korosho zenyewe.

Hata hivyo mashine mbovu hutengenezwa, ila kiwanda kisicho na kitu cha kubangua hakina dawa. Katika mwaka wa mavuno wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho, na wenye kupanga viwanda walichukua hesabu hiyo kama kiasi kitakachozidi kukua. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Huko kusini kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza, kwani vita vya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma viliwafanya viongozi watake watu wakae pamoja kwa usalama. Mkorosho lakini hauhami. Mkulima aliyekuwa akilala chini ya miti yake alijikuta maili kadhaa mbali nayo, katika nyumba iliyopangwa kwa mstari. Mkorosho hutaka kupaliliwa chini yake kabla ya msimu, ili korosho zilizodondoka zionekane na moto wa nyika usifike shinani. Miti ikaachwa, magugu yakapanda, moto ukapita. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, na ununuzi wa mazao ukabaki mikononi mwa mashirika ya umma, yaliyomwachia mkulima sehemu iliyozidi kupungua ya bei ya zao lake. Mwisho wa muongo huo ukaja ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho, ukakuta miti iliyokwisha kukosa mtu wa kuitazama.

Mnamo 1986/87 nchi nzima ilivuna takriban tani 17,000. Kiasi hicho kisingetosha kuvishughulisha hata viwanda viwili au vitatu kati ya vile kumi na viwili, nacho chote hakikupelekwa huko. Vingine vilifanya kazi miezi michache tu, vingine vikafungwa vikiwa bado vipya.

Hapa ndipo penye jambo ambalo hesabu za ajira husahau. Kila kiwanda kilipofunguliwa, vibarua wake walihesabiwa na idadi yao ikatajwa hotubani. Siku za kazi zilizopotea shambani, kwa mwanamke wa Newala aliyeacha kuokota korosho kwa kuwa njia ni ndefu na bei haitoshi, hazikuandikwa na mtu. Tena gharama za kiwanda kilicholala, mikopo na mishahara yake, zilibebwa na shirika lililomnunulia mkulima, na shirika halikuwa na mfuko mwingine wa karibu isipokuwa bei yake yeye na mabenki ya serikali. Ndugu mmoja alipewa kazi kwa jasho la ndugu wa pili, na yule wa pili alipochoka, wote wawili wakakosa.

Ng'ambo ya bahari mambo hayakuwa mema vilevile. Serikali ya jimbo la Kerala ilianzisha shirika lake la korosho mwaka 1969, makao yake yakiwa Kollam, ili kuvichukua viwanda ambavyo matajiri walikuwa wakivifunga; likawa na viwanda 30, na wafanyakazi wake karibu wote ni wanawake. Korosho za Afrika Mashariki zilipopungua, viwanda hivyo navyo vikakaa na njaa, siku za kazi zikawa chache, na shirika likazoea hasara ambayo hazina ya jimbo iliilipa mwaka baada ya mwaka. Lakini Kerala walijua wanacholipia. Hasara ile ilikuwa mshahara wa wanawake waliokuwa na ujuzi mikononi na kura mfukoni. Hasara ya kusini mwa Tanzania ilikwenda kwa sehemu kubwa katika mitambo na riba.

Mkorosho ulifufuka kwa njia nyingine. Watu walianza kurudia mashamba yao, wataalamu wa Naliendele karibu na Mtwara wakaonyesha kwamba unga wa salfa huzuia ubwiri, na tangu msimu wa 1991/92 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua. Viwanda viliuzwa, na baadhi yake wanunuzi wakavigeuza maghala. Novemba 2018, wanunuzi na wakulima waliposhindwa kupatana juu ya bei, serikali iliamuru kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na ikawatuma wanajeshi kuzisomba. Na swali la miaka ya 1960, nani atazibangua, likaulizwa upya. Msimu uliotangulia, wa 2017/18, nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 313,000, mara mbili na zaidi ya mavuno yaliyowashawishi wajenzi wa viwanda. Sehemu yake kubwa sana ilitoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ikipakiwa katika bandari ya Mtwara, ile iliyojengwa kwa ajili ya karanga.