Mali ya Nani? Dhana ya Utunzi katika Usanifu wa Michoro, Kasulu na Kibondo

Kiswahili hakikosi majina ya mtu anayebuni mchoro. Yupo mchoraji, yupo msanifu, yupo mbunifu, na mitaani yupo fundi wa mabango, ambaye wateja humwita msanii hata kama kazi yake siku hiyo ni kuandika bei ya saruji ukutani. Neno ambalo halijapata makao katika uwanja huu ni mtunzi. Shairi lina mtunzi na wimbo una mtunzi, lakini ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba chapa ya kanga au nembo ya ofisi ina mtunzi. Insha hii inalitumia neno utunzi kwa kuuliza mambo matatu: nani alibuni mchoro, jina la nani limeandikwa juu yake, na nani ana uwezo wa kuzuia usichapwe tena. Hoja inayotetewa ni kwamba, katika historia ya alama zilizofika na kutumika Kasulu na Kibondo, maswali hayo matatu yamekuwa yakijibiwa kwa watu tofauti, na jina linalosomeka kwa kawaida ni la mwenye mali.

Mjadala wa kimataifa juu ya suala hili ulianzia katika fasihi. Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, na Michel Foucault akauliza mwaka 1969 mwandishi ni nini hasa. Wasanifu wa michoro waliupokea mjadala huo baadaye. Makala ya Michael Rock katika jarida la Eye, mwaka 1996, ndiyo inayotajwa zaidi. Rock alihoji shauku ya wasanifu wenzake ya kutaka kuitwa watunzi, akionya kwamba cheo hicho kinaweza kurudisha mamlaka ambayo nadharia ya fasihi ilikuwa imeyabomoa. Onyo hilo lina uzito, lakini linamhusu msanifu anayejulikana, mwenye ofisi, mkataba na anuani. Mwaka huohuo wa 1996, mwezi Novemba, kambi ya Nyarugusu ilianzishwa wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Alama zilizoingia kambini humo zilikuwa nyingi, na hakuna aliyehitaji kumuua mtunzi wake, kwa kuwa hakuwahi kutambulishwa.

Kabla ya kambi ilikuwapo nguo. Chini ya utawala wa Waingereza, Buha ilihesabiwa kuwa akiba ya nguvukazi. Wanaume walisafiri kwa mikataba ya manamba hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, na sehemu ya ujira wao ilirudi nyumbani ikiwa nguo. Kanga, ambayo chimbuko lake ni miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilisambaa bara kwa njia za namna hiyo na kwa mikono ya wachuuzi waliofuata reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Kanga ni somo zuri la utunzi kwa sababu imeandikwa. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza biashara Mombasa mwaka 1887, iliweka kwenye nguo zake herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Tuyasome maneno hayo kwa makini. Hayasemi kazi ya Abdulla, wala mchoro wa Abdulla, yanasema mali. Ni tamko la mfanyabiashara aliyejua kwamba mchoro unaouzika huigwa, na ambaye alitaka mnunuzi aitambue nguo yake kati ya nyingine. Aliyechora pindo na mji wa nguo hiyo anaweza kuwa alikaa mbali kabisa na dukani Mombasa, kwa maana kanga zilichapwa kwa nyakati mbalimbali Uholanzi, Uingereza, India na Japani, kabla ya viwanda vya nchini kama Urafiki, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Lipo jambo jingine ambalo mjadala wa Rock haukuwa na njia ya kuliona. Katika istilahi ya kanga, jina ni msemo ulioandikwa chini ya mji. Mnunuzi anapouliza kanga hii jina lake nani, hajibiwi kwa kutajiwa mchoraji wala kiwanda, husomewa ujumbe. Na ujumbe huo, ukishavaliwa mbele ya jirani au kupewa mkwe, huwa kauli ya aliyeivaa au aliyeitoa. Atakayelaumiwa kwa maneno makali ni yeye, wala si kiwanda. Kwa hiyo doti moja ina watu wasiopungua wanne: mchoraji wa pindo na mji, aliyetunga msemo, mfanyabiashara mwenye chapa, na mwanamke anayeusema msemo huo kwa mwili wake. Wa kwanza ndiye aliyesahaulika kuliko wote.

Suala hilihili lilijitokeza kwa uchungu zaidi kuhusu Nembo ya Taifa. Mwezi Mei 2017 vyombo vya habari viliripoti habari za Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kama Ngosha, mzee aliyekuwa akiishi kwa shida Buguruni, Dar es Salaam, na aliyetajwa kuwa ndiye mchoraji wa nembo hiyo. Alipelekwa hospitali, na akafariki Muhimbili mwezi huohuo. Jina jingine lililodaiwa hadharani ni la Jeremiah Kabati wa Mwanza. Insha hii haikusudii kuamua kati yao. Kinachostahili kuangaliwa ni umbo la mzozo: pande zote zilikubaliana kwamba lazima awepo mmoja. Nembo yenyewe inaelekeza kwingine. Ngao na wasimamizi wawili ni muundo wa kiheraldiki ulioingia na ukoloni. Mwenge, jembe, shoka, mkuki, pembe za ndovu, karafuu na pamba ni vitu vilivyochaguliwa ili kuisemea nchi mpya. Kaulimbiu ya Uhuru na Umoja ni ya siasa. Mkono uliochora unaweza kuwa wa mtu mmoja, ilhali uamuzi wa nini kichorwe ni wa wengi. Hata hivyo, itakuwa rahisi mno kutumia wingi huo kumnyima mchoraji haki yake. Serikali ilihifadhi nembo kwa Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971, inayosimamia matumizi yake. Hadhi ya aliyeichora haikupata ulinzi wa namna hiyo, na ilizungumzwa taifa zima alipokuwa tayari kitandani.

Nembo hiyo iko juu ya milango ya ofisi za wilaya Kasulu na Kibondo kama ilivyo kwingineko. Ukutani mwa shule mara nyingi huchorwa kwa brashi, na kila mchoraji humpa bwana na bibi wale sura anayoiweza. Ni nakala, lakini ni nakala za mkono.

Tukirudi kambini, chombo kinachofaa kuchunguzwa ni kopo la mafuta ya kula. Tangu wimbi la wakimbizi wa Burundi lililofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, wilaya hizi mbili zilikuwa na kambi kadhaa: Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Nduta, Mtendeli, Kanembwa na nyingine upande wa Kibondo. Nduta ilifungwa, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2015. Mgawo wa chakula ulikuja na alama: mkono ulioshika masuke wa Mpango wa Chakula Duniani, mikono inayomkinga mtu ya UNHCR kwenye maturubai, na mikono miwili iliyoshikana ya shirika la misaada la Marekani, USAID. Alama hii ya mwisho ni miongoni mwa chache ambazo jina la msanifu wake limehifadhiwa. Eleanor Gault, mfanyakazi wa idara ya serikali ya Marekani, aliiweka mikono iliyoshikana katika nembo ya misaada mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Washington ilipokuwa na wasiwasi kwamba wapokeaji hawatambui msaada umetoka wapi. Katikati ya muongo wa 2000 yaliongezwa maneno yanayosema kwamba msaada umetoka kwa watu wa Marekani.

Hapa Mali ya Abdulla imegeuzwa. Abdulla alidai kitu kilichokuwa chake. Kopo linamtangaza mtoaji juu ya kitu ambacho kimekwisha kuwa cha mwingine. Lakini sarufi ni ileile: mchoro unamtaja mwenye fedha. Mikono iliyoshikana inaonyesha watu wawili walio sawa, na maneno yanamtaja mmoja tu.

Mafuta yakiisha, kopo huanza maisha ya pili. Mafundi bati hulikata likawa koroboi, kipimo cha unga, au kiraka cha mlango. Nembo inabaki pale mkasi ulipoiacha, pengine kichwa chini, pengine nusu. Taarifa za misaada huyaita hayo matumizi mapya, neno ambalo naliona dogo. Fundi huamua upande upi wa bati utazame nje, na uamuzi huo ni wa kisanifu. USAID ilisitisha kazi zake mwaka 2025. Bati halina habari hizo.

Barabarani mambo ni tofauti kidogo. Katika miji ya Tanzania fundi wa mabango huacha jina lake na namba ya simu pembeni mwa kazi. Ni saini inayotafuta kazi inayofuata, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa njia pekee ya mchoraji kutajwa. Kampuni za simu zilipoanza kupaka kuta za maduka rangi zao, maumbo na vipimo vilitoka makao makuu, na fundi akabaki na brashi tu. Saini haina pa kukaa kwenye ukuta mwekundu wa Vodacom.

Kesi ngumu zaidi ni ya vikapu. WomenCraft, kampuni ya kijamii yenye makao Ngara, ilifanya kazi na wasusi wakimbizi wa Burundi wa kambi ya Mtendeli, ambayo tangu 2012 imo katika wilaya mpya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo. Kazi hiyo iliunganishwa na MADE51, mpango wa UNHCR wa kuwaunganisha mafundi wakimbizi na masoko ya nje. Ruwaza za duara na pembetatu zinazosukwa zinajulikana pande zote mbili za mpaka, kama vile Kiha na Kirundi zinavyosikilizana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha haki za kiuchumi na haki za kimaadili za mtunzi, na inazo kanuni za kulinda sanaa za jadi. Lakini jadi inayolindwa ni ya nchi. Msusi wa Kirundi aliyesuka ruwaza ya bibi yake katika ardhi ya Buha, kwa vipimo vilivyorekebishwa ili kumfaa mnunuzi wa Ulaya, anaweza kudaiwa kuwa mtunzi binafsi, mrithi wa jadi ya Burundi, mshiriki wa jadi ya Waha, au kibarua wa oda. Kila jibu linampa haki tofauti. Ni mawili tu kati ya hayo, la kwanza na la mwisho, ambayo mahakama ya Tanzania ingeweza kuyashughulikia kwa urahisi, na la mwisho ndilo linalomwacha mikono mitupu baada ya kulipwa ujira wake.