Soksi za Buibui: Uzi wa Dhahabu na Mikono Isiyotajwa

Mwaka 2025 ilitimia miaka 125 tangu mapazia ya kitanda yaliyofumwa kwa hariri ya buibui wa Madagaska yatundikwe katika Maonyesho ya Dunia ya Paris. Hakuna aliyeadhimisha. Mapazia yenyewe yalipotea zamani. Kilichobaki ni maelezo ya magazeti ya wakati ule, majina ya Wafaransa wawili waliosimamia kazi, na swali ambalo magazeti hayakujishughulisha nalo: ni nani hasa aliyeuvuta uzi ule kutoka kwenye matumbo ya buibui?

Swali hilo lina maana zaidi siku hizi, maana wafumaji wamechoka na uzi wa akriliki wa dukani. Mtu anafuma sweta kwa uzi wa mianzi, mwingine anachambua nyuzi za mgomba, wa tatu anakata mifuko ya nailoni vipande virefu na kuipitisha kwenye sindano. Kuna wanaolipa pesa nyingi kupata manyoya ya maksai wa nchi za barafu. Lakini nyuzi hizo zote, ukiziweka mbele ya uzi wa buibui, ni za kawaida tu. Uzi huu umetafutwa kwa zaidi ya miaka 300, umepatikana mara kadhaa, na kila mara umemshinda aliyeupata.

Buibui mwenyewe si mgeni kwetu. Yule wa Madagaska, ambaye Wamalagasi humwita halabe, ana ndugu zake huku bara: ni wale majike wakubwa wenye miguu mirefu wanaotanda kati ya mti na mti, au kwenye nyaya za umeme, na utando wao ukipigwa na jua la asubuhi unang'aa manjano. Mafundisho ya Kiislamu yameifanya nyumba ya buibui kuwa mfano wa udhaifu, ingawa kisa cha pango la Thaur, ambamo utando wake ulimficha Mtume, kinampa kiumbe huyo heshima ya mlinzi. Wanasayansi nao wanasema kwamba, uzito kwa uzito, uzi wake unakishinda chuma. Wote wana sababu zao. Utando ni dhaifu kwa sababu ni mwembamba mno, na hapo ndipo taabu yote ya mfumaji inapoanzia.

Habari ya kwanza iliyoandikwa vizuri inatoka Montpellier, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1709. Sehemu kubwa ya ninayoyasimulia hapa inatokana na tasnifu ya mhusika mwenyewe, François-Xavier Bon de Saint-Hilaire, iliyotafsiriwa na kuchapishwa na Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1710. Msomaji ajue basi kwamba anamsikiliza mtu anayejisifia kazi yake.

Bon hakuwa mfumaji wala mfugaji. Alikuwa rais wa mahakama ya hesabu na kodi ya Montpellier, mtu wa joho na mihuri. Mkoa wake wa Languedoc ulikuwa tayari unaishi kwa hariri ya kawaida: mashamba ya miforsadi, viwavi wanaolishwa majani usiku na mchana, familia nzima zikiwahudumia. Majira ya baridi ya mwaka ule yalikuwa makali kupita kiasi, mizeituni ikafa kwa barafu, njaa ikaingia, na nchi ilikuwa vitani. Katikati ya shida hizo hakimu akatangaza kwamba hariri nyingine imejaa kwenye kuta, madirisha na magome ya miti, na haimgharimu mtu jani hata moja la mforsadi.

Hakuvuta uzi kutoka kwa buibui mwenyewe. Aliagiza vikusanywe vile vifuko ambavyo jike hufungia mayai yake. Vifuko vikapigwapigwa kwa fimbo ndogo kutoa vumbi, vikaoshwa kwa maji ya vuguvugu, vikachemshwa taratibu pamoja na sabuni, shura na gundi ya mgunga, kisha vikasuuzwa, vikaanikwa, vikachanwa kwa vichanio vyembamba hadi vikawa laini kama pamba. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya majivu, wala hakikuhitaji kutiwa rangi. Kikasokotwa, kikafumwa. Matokeo yake yalikuwa jozi ya soksi na jozi ya glavu, na hakimu akazipeleka mbele ya wanasayansi.

Uzito wake ndio uliowashangaza watu. Soksi zilikuwa na aunsi mbili na robo tu, yaani kama gramu 65 hivi, na glavu zilikuwa chini ya aunsi moja. Bon alidai kwamba aunsi tatu za hariri hii zinamtosha soksi mwanamume mkubwa kuliko wote, na kwamba aunsi 13 za vifuko zinatoa karibu aunsi nne za hariri safi. Akapiga hesabu ya uzazi pia: buibui mmoja hutaga mayai 600 au 700, nondo wa hariri kama 100 tu. Kwa nini basi Ufaransa ihangaike na viwavi wanaougua ovyo? Na kana kwamba soksi hazitoshi, akaikeneka hariri hiyo kwenye mitambo na kupata dawa aliyoisifu kwa kutibu kiharusi. Ikaitwa matone ya Montpellier. Mtu akishapata jambo moja jipya hutaka liponye dunia nzima.

Akademia ya Sayansi ya Paris haikumcheka. Ilimkabidhi kazi ya uchunguzi kijana wa miaka 27, René-Antoine Ferchault de Réaumur, ambaye baadaye kipimajoto kilibeba jina lake kwa miaka mingi. Réaumur aliingia kazini kama mkaguzi wa hesabu. Swali lake la kwanza lilikuwa chakula. Buibui hali majani, anakula nzi, na nzi wote wa Ufaransa, alisema, wasingetosha kuwalisha buibui wanaohitajika. Akajaribu kuwapa minyoo ya ardhini iliyokatwakatwa, kisha vinyoya vichanga vya njiwa, ambavyo mashina yake huwa na damu ndani. Walivila. Hilo lilikuwa ushindi mdogo, maana tatizo la pili halikuwa na dawa: alipowafungia pamoja, wakubwa waliwala wadogo hadi wakabaki wachache. Kiwavi wa hariri anafugwa kwa maelfu kwenye sinia moja. Buibui anataka chumba chake peke yake, na vyumba vinataka mtu wa kuvijenga, kuvilisha na kuvisafisha.

Kisha ikaja hesabu iliyozika soksi za hakimu. Viwavi 2,304, kwa mujibu wa Réaumur, hutoa ratili moja ya hariri. Kazi ya kiwavi mmoja ni sawa na ya buibui 12. Ila vifuko vya mayai hutengenezwa na majike tu, na huwezi kuzalisha bila madume, kwa hiyo zidisha mara mbili: buibui 55,296 kwa ratili moja. Na hao ni wale wakubwa na wazuri. Ukitumia buibui wa kawaida wa bustanini, ambao hutoa sehemu ya kumi na mbili tu ya hiyo, unafika 663,552. Zaidi ya hayo, akasema, hariri yenyewe haina mng'ao wa hariri halisi.

Wanahistoria wengi wanamaliza hapo na kumpa Réaumur ushindi. Mimi namwonea huruma hakimu, na si kwa sababu ya huruma tu. Réaumur alihesabu nzi, njiwa, vyumba na ratili. Hakuuliza kama zile soksi zilivalika, na zilivalika. Bon alisema jambo linawezekana, akapewa jibu kwamba halina faida. Ni majibu mawili tofauti, na kila atakayeigusa hariri hii baada yao atakwama palepale. Lakini wote wawili wana kosa moja ambalo sijaona likitajwa. Katika ugomvi huu mzima, aliyepanda ngazi kukusanya vifuko, aliyevichana, aliyesokota uzi mwembamba ule bila kuukata na aliyefuma soksi ya gramu chache hawana majina. Yeyote aliyewahi kushika sindano za kufumia anajua kwamba huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa fundi wa kweli Montpellier.

Baada ya hapo historia inakwenda kwa kuruka. Padri Mjesuti Mhispania, Ramón de Termeyer, aliyewahi kuishi Amerika ya Kusini, alionyesha katika karne ya 18 kwamba mtu anaweza kuacha vifuko na kuvuta uzi moja kwa moja kutoka kwa buibui aliye hai. Mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari wa jeshi Burt Green Wilder alikutana na buibui mkubwa wa manjano katika kisiwa cha Folly, South Carolina, akamvuta uzi wa yadi 150 kwa saa moja na robo. Buibui huyo alikuwa jamaa wa halabe.

Madagaska ndiko wazo lilikokutana na watu waliolijua zaidi kuliko wenye wazo. Wamalagasi wa nyanda za juu walikuwa wafumaji wa hariri kwa vizazi vingi. Lamba zao, yaani shuka za kujitanda, zilizodariziwa kwa mfumo na kuitwa akotifahana, zilikuwa vazi la wakuu wa ufalme wa Imerina, na zilipelekwa kama zawadi kwa watawala wa nje. Ufaransa iliuteka mji wa Antananarivo mwaka 1895, ikatangaza koloni mwaka uliofuata, na mwaka 1897 ikampeleka Malkia Ranavalona III uhamishoni. Ni katika miaka hiyohiyo Padri Paul Camboué, Mjesuti aliyekuwa akiwachunguza halabe tangu kabla ya uvamizi, alipata mwenzake, Nogué, wa shule ya ufundi ya Antananarivo. Nogué akaunda kifaa kidogo cha mkono: buibui 24 wanabanwa kiunoni bila kuumizwa, nyuzi 24 zinavutwa kwa pamoja na kusokotwa kuwa uzi mmoja wa rangi ya dhahabu. Wakimaliza wanarudishwa bustanini.

Wasichana wa Kimalagasi ndio waliotumwa asubuhi kwenda kuokota buibui hao na kurudi nao kwenye vikapu. Wao ndio waliowapanga kwenye mashine. Paris ilipoyaona mapazia mwaka 1900, ilisifu ubunifu wa Kifaransa. Kisha mradi ukafa, kwa sababu ileile aliyoitaja Réaumur: mikono mingi, uzi kidogo. Nchi iliyokuwa na vazi la hariri la kifalme iliingia kwenye kumbukumbu za maonyesho yale kama mahali penye buibui wakubwa.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, Mwingereza Simon Peers, mtaalamu wa nguo aliyekuwa ameishi Madagaska muda mrefu akifufua ufumaji wa lamba, alishirikiana na Mmarekani Nicholas Godley kuunda upya kifaa cha Nogué. Mwaka 2009 kitambaa chao cha dhahabu kilionyeshwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York. Kina urefu wa mita zaidi ya tatu, kimefumwa kwa michoro ya akotifahana, na hakina tone la rangi ya kutiwa. Makumi ya watu waliokota buibui kwenye nguzo za simu, wengine wakavuta uzi, wengine wakafuma. Mwaka 2012 ikafuata joho, lililowekwa katika Makumbusho ya Victoria na Albert ya London: buibui milioni 1.2, hariri kilo moja na nusu. Ukigawanya, ni buibui kama 22,400 kwa gramu 28.

Tangu hapo buibui amehamia maabara. Kampuni ya Kanada, Nexia, ilipandikiza jeni zake kwa mbuzi ili protini itoke kwenye maziwa, ikafilisika. Bolt Threads ya Marekani iliuza tai 50 mwaka 2017, kila moja dola 314, kwa uzi uliotengenezwa na hamira. Kila baada ya miaka michache tunaambiwa hariri ya buibui inakaribia kufika madukani. Haijafika.

Réaumur basi hajashindwa bado kuhusu bei. Kuhusu sifa, wote wanaoisimulia habari hii wameshindwa, na aibu inatuhusu hata sisi majirani wa Madagaska, ambao hupenda kusimulia ubunifu wa bara letu kwa majina ya wageni waliousimamia. Wapo hai nchini Madagaska watu waliovuta uzi wa joho lile na waliokaa kwenye kitanda cha mfumi kulifuma. Makumbusho yetu ya Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar yawaalike wangali na nguvu, yaandike majina yao kamili, na yanunue japo lamba moja yenye jina la aliyeifuma.