Inchi Nne

Magari ya farasi ya Ulaya katika karne ya 18 yalikuwa na kasoro iliyofahamika na kila aliyeshika hatamu. Ekseli ya mbele ilikuwa kipande kimoja kilichoshikwa katikati kwa pini moja. Farasi wakikata kona, ekseli nzima iligeuka pamoja na magurudumu yake mawili. Kona ikiwa kali, gurudumu moja liliingia chini ya tumbo la gari, upande ule ukabaki bila mguu, na gari likaweza kulala ubavu pamoja na waliomo.

Daktari mmoja Mwingereza, Erasmus Darwin, babu yake Charles Darwin, alizunguka vijijini kutibu wagonjwa kwa gari la aina hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1750 alikuwa ameshafikiria njia nyingine: ekseli itulie, na kila gurudumu ligeuke kwa pini yake lenyewe. Wazo hilo halikuenea. Miaka karibu 60 baadaye fundi wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, alifikia jambo hilohilo kwa njia yake. Wakala wake London alikuwa Rudolph Ackermann, Mjerumani aliyejulikana kwa kuchapa na kuuza picha. Ackermann aliandikisha hataza mwaka 1818, na mpaka leo vitabu vya ufundi vinasema "usukani wa Ackermann". Jina la fundi aliyeutengeneza hukumbukwa na wachache.

Mtu yeyote aliyewahi kupiga gwaride anaielewa siri ya Lankensperger bila hesabu. Mstari ukigeuka, askari wa ndani karibu anapiga hatua papo hapo, na wa nje anakaribia kukimbia. Magurudumu ya gari ni hivyohivyo. La ndani linachora duara dogo, la nje duara kubwa, kwa hiyo la ndani lazima ligeuke kwa pembe kubwa zaidi. Yakigeuka sawasawa, moja litaburuzwa na tairi litaliwa. Mwaka 1878 Mfaransa Charles Jeantaud alichora namna ya kulipata jambo hilo kwa vyuma vichache: mikono miwili mifupi kwenye magurudumu, na fito moja la kuiunganisha. Fito hilo ndilo mafundi wetu wanaloliita tairodi.

Waundaji wa magari ya mitambo hawakulipokea wazo hilo kwa pamoja. Amédée Bollée alilitumia mapema, mwaka 1873, kwenye gari lake la mvuke aliloliita L'Obéissante, yaani Mtiifu. Karl Benz, ambaye gari lake la mwaka 1886 ndilo tunalofundishwa shuleni, alilipa magurudumu matatu, kwa kuwa gurudumu moja la mbele halihitaji kupatana na mwenzake. Mpaka mwaka 1893 ndipo alipopata hataza ya usukani wa magurudumu mawili.

Nilisoma historia chuoni, na kwa muda mrefu nilidhani hadithi hii inaishia hapo. Lakini mchoro wa Jeantaud unalitazama gari kutoka juu, kama ramani. Hauna habari na mashimo. Gari halisi lina springi, na springi maana yake ekseli inapanda na kushuka wakati sanduku la usukani limefungwa kwenye chesisi na halishuki nayo. Fito linalounganisha vitu viwili hivyo, draglinki, linafanya kazi ya mtu aliyesimama gatini akimshika mkono mwenzake aliye ndani ya mashua. Wimbi likija, mmoja atamvuta mwingine.

Miaka ya 1920 jambo hilo liligeuka balaa. Matairi yalikuwa yamefanywa manene na laini, na breki zikawekwa kwenye magurudumu ya mbele. Magari yakaanza ugonjwa ambao Waingereza na Wafaransa waliuita kwa jina moja, shimi: gari likigonga kitu kidogo kwa mwendo fulani, magurudumu ya mbele yanaanza kupepea kushoto na kulia, ekseli inacheza ngoma, na usukani unamponyoka dereva. Baadhi ya magari yalifungwa dampa za kuuzuia usukani usicheze. Dalili zilipungua; chanzo kilibaki. Mwaka 1925 mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet alichapisha uchunguzi wake kuhusu shimi, na Maurice Olley, Mwingereza aliyefanya kazi General Motors, akaendelea na utafiti wa namna hiyo Marekani. Magari mengi ya kampuni hiyo ya mwaka 1934 yaliiacha ekseli ngumu ya mbele. Kila gurudumu likapewa springi yake.

Magari ya porini hayakuwafuata. Jeep ya vita ya mwaka 1941, Land Rover ya mwaka 1948, na gari la Toyota la mwaka 1951 ambalo tangu 1954 linaitwa Land Cruiser, yote yalibaki na ekseli ngumu mbele. Sababu zilikuwa nzuri. Ekseli hiyo ina nguvu, vipuri vyake ni vichache, na gurudumu moja likipanda jiwe difu nayo inainuka, haiachwi chini ikakwaruze. Lakini aliyeichagua alirithi pamoja nayo ule ugonjwa wa miaka ya 1920. Wahandisi waliulaza usingizi kwa pembe na vipimo, milimita kwa milimita, kwa urefu ule ambao gari lilitoka nao kiwandani.

Kaka yangu alinunua Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyonyanyuliwa inchi nne. Ilikuwa imetumiwa na mtu mwingine kabla yake, imerefushwa chesisi na kuwekewa paa la kufunguka kama yalivyo magari ya utalii ya Arusha. Ilipendeza mno. Ukisimama kando yake, boneti inakufika kifuani. Kaka alikuwa ameajiriwa na watu kwa miaka minane akiendesha magari yao, na hili lilikuwa lake, la mkopo. Alishakubaliana na wakala mmoja kuanza kubeba wageni baada ya wiki mbili.

Kwenye lami ya Makuyuni, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu la kushoto liligonga kishimo ambacho hata bajaji ingekipita. Usukani ulianza kupiga kulia na kushoto kwa kasi ambayo mikono ya kaka ilionekana kama ukungu. Alipunguza mwendo taratibu mpaka ukatulia. Hatukusemezana mpaka tulipofika Mto wa Mbu.

Aliyeliuza alipopigiwa simu alisema ni jambo la kawaida kwa magari yaliyonyanyuliwa, afunge dampa nzito zaidi. Kaka akaenda na dampa mpya mkononi kwa mzee mmoja anayeheshimika kwa Land Cruiser, nami nikamsindikiza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo irudishe kwenye boksi lake, mwanangu. Kwanza tulijue gari."

Hakugusa spana kwa muda mrefu. Alimwambia kaka akae kwenye kiti, awashe injini, azungushe usukani kidogo kidogo kulia na kushoto huku matairi yakiwa chini. Yeye akalala uvunguni, mkono wake ukishika kiungo kimoja baada ya kingine. Aliniita nikaangalie. Fito moja nene, linalotoka kwenye chesisi upande mmoja mpaka kwenye ekseli upande wa pili, lilikuwa likisogea ndani ya bushi yake kabla ya kuvuta chochote. Hiyo ni rodi ya Panhard, iliyopata jina kutoka kampuni ya zamani ya magari ya Ufaransa. Mpaka mwaka 1999 magari ya kazi nzito ya mfululizo wa 70 yalikuwa na springi za bapa mbele, na springi hizo zenyewe ziliizuia ekseli isiende pembeni. Zilipokuja koili, kazi hiyo ikawa ya rodi.

Mzee alinichorea sakafuni kwa chaki. Rodi ya Panhard na draglinki zinatakiwa zilale kwa mwinamo mmoja, kama mapacha kitandani. Ekseli ikipanda, zote mbili zinachora upinde uleule, na usukani hausikii kitu. Mwenye gari wa kwanza aliponyanyua, fito zote mbili ziliinama. Akaona draglinki imesimama sana, akafunga mkono wa pitmani, ule unaotoka kwenye sanduku la usukani, uliopindwa chini zaidi. Draglinki ikalala, lakini rodi ya Panhard ikabaki imeinama. Mapacha wakalala mzungu wa nne. Tangu siku hiyo kila shimo lilikuwa linaushika usukani na kuugeuza.

Palikuwa na la pili. Pini ambayo gurudumu linageukia huegemezwa nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli, na mwegemeo huo, mafundi wanauita kasta, unasaidia usukani kurudi katikati wenyewe. Koili ndefu zinaisukuma ekseli chini, mikono inayoishika inaizungusha mbele, na mwegemeo unapungua. Gari likiukosa linatangatanga barabarani kama mtu asiyejua aendako.

Marekebisho yalichukua siku mbili, na mpangilio wake haukubadilishwa. Kwanza vilitolewa vilivyochakaa: bushi za Panhard na viungo viwili vya mwisho wa tairodi. Pili, mkono wa pitmani wa kiwandani ulirudishwa. Tatu, bushi za mikono ya ekseli zilibadilishwa kwa zile zilizotobolewa pembeni kidogo, ili mwegemeo wa kasta urudi. Nne, rodi ya Panhard iliwekwa ya kurekebishika na kurefushwa mpaka ekseli ikakaa katikati, maana mnyanyuko huivuta upande mmoja. Tano, tairodi. Ina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande mwingine, hivyo ukilegeza vibano na kuizungusha, inarefuka au inafupika. Mzee alipiga mstari wa chaki kwenye kila tairi, akapima kwa futi mbele na nyuma, mpaka mbele kukawa kwembamba kwa milimita chache. Mwisho kabisa alirekebisha draglinki ili usukani ukae sawa mbele ya dereva. Boli za bushi alizikaza gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Ukizikaza likiwa kwenye jeki, alisema, zitakuwa zimejikunja tangu siku ya kwanza.

Ila alikuwa na sharti. Kwa inchi nne, alisema, bushi peke yake hazitoshi kurudisha kasta yote, na fito zingeendelea kuinama kuliko anavyopenda. Inchi mbili angeweza kuitengeneza na kuikabidhi bila wasiwasi. "Wewe unabeba watu," alimwambia kaka. "Kuna mtu ameacha watoto kwao, amepanda gari lako, hajui kasta ni nini wala hatakiwi kujua."

Kaka alinyamaza. Nilijua anachokihesabu. Picha za gari lile lilivyosimama juu ndizo alizomtumia wakala. Alizunguka mbele, akaliangalia boneti, kisha akauliza koili za inchi mbili zinapatikana wapi.

Tulilijaribu bila dampa yoyote. Mzee alitaka hivyo: kama litatulia bila kushikwa, basi limetulia. Tulirudi kwenye barabara ileile, kwa kilomita 80, na kaka akakitafuta kishimo kile kwa makusudi. Gari likaruka, likatua, likaendelea. Ndipo dampa ya kawaida ikafungwa, kwa kazi yake halisi ya kupokea mapigo ya mawe na ya zile kilomita za kutoka Naabi kwenda Seronera ambako ardhi imejikunja kama bati.

Wakala hakusema lolote kuhusu urefu wa gari. Kaka alianza kazi wiki ileile, na kila anapotoka porini hulala uvunguni dakika chache na tochi, mtu mwingine akimzungushia usukani.

Zile koili ndefu zimeegemezwa ukutani gerejini mpaka leo. Kila mteja anayeziulizia bei, mzee humuuliza kwanza anabeba nani.